Dawa ya Korea na Haya ya Ukwe

Mama Tshiela alimjua mkwe wake kwa miguu. Tangu binti yake Valérie aolewe, hakuwahi kumtazama Kisimba usoni, wala Kisimba hakuthubutu kumtazama yeye, kwa sababu kwa watu wa kwao, Waluba wa kaskazini, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Hawali pamoja, mmoja haingii chumbani kwa mwenzake, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini hadi mwenzake apite. Ni desturi iliyotungwa na watu wenye vijiji vikubwa na majani mengi. Pale Musonoi, mtaa wa migodi huko Kolwezi, Kongo, kwenye kiwanja kimoja chenye nyumba mbele na chumba cha Tshiela nyuma, ilibidi watu watumie akili. Tshiela alikohoa kabla ya kutoka nje, Kisimba aliburuta viatu kabla ya kupita uani, na kwa njia hiyo waliishi kwa amani.

Kisimba alikuwa dereva mgodini, wa yale makamyo ambayo tairi lao tu linampita mtu mzima kimo. Mwaka jana tumbo lake likaharibika. Haikuwa kuhara kwa siku mbili kwa sababu ya maji machafu, jambo ambalo kila mtu Musonoi analijua na hakuna anayelipa uzito. Ugonjwa huu ulikuja, ukakaa, ukaleta damu. Akapelekwa Lubumbashi, wakampima kwa kamera, wakaona utumbo mpana umevimba na kuchubuka ndani. Daktari akasema ugonjwa wa namna hiyo haufukuzwi mara moja bali hutulizwa, akampa vidonge vya kumeza kwa muda mrefu na kumwambia arudi kupimwa.

Vidonge hivyo vingeachwa vifanye kazi yake, hadithi ingeishia hapo. Lakini Kisimba alikuwa na ndugu.

Wa kwanza alikuwa Rachelle, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afe. Rachelle aliuza mjini Kolwezi vile vidonge vya nyongeza ya chakula vinavyokuja katika chupa nyeupe na picha za wazungu wenye meno mazuri. Alikuwa na chupa ya kila kiungo cha mwili isipokuwa ulimi. Kwa tumbo la mdogo wake alileta tatu: mafuta ya samaki, manjano iliyosagwa na kufungwa kwenye vidonge, na nyingine aliyosema ina vijidudu vizuri vinavyokwenda kupigana na vijidudu vibaya. Aliieleza vita hiyo kwa mikono, kama vile alikuwapo.

Wa pili alikuwa Tshiela mwenyewe. Baudouin, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa akisoma mambo ya madini huko Korea, na aliposikia habari za mgonjwa akamtuma mwenzake aliyekuwa akirudi Kongo na katoni nzima. Ndani mlikuwa na mifuko midogo ya plastiki yenye maji meusi, tayari kunywewa. Baudouin alieleza kwa simu kwamba ni mizizi, magome na tangawizi vilivyochemshwa pamoja kwa saa nyingi, kwamba Wakorea wametibu matumbo yao hivyo tangu enzi za wafalme wao, na kwamba mgonjwa anywe mifuko miwili kwa siku, asinywe pombe, asile nguruwe wala vitu vya unga. Aliposema unga, nyumba nzima ikashtuka. Valérie akauliza kama bukari, ugali wao wa kila siku, nayo imo. Baudouin akacheka, akasema Wakorea wakitaja unga wanafikiria mikate na tambi, bukari hawaijui hata kwa jina. Watu wakapumua.

Tshiela alionja tone moja. Lilikuwa chungu mpaka masikioni, kisha likaacha utamu nyuma ya ulimi. Akaridhika, maana hakuwa na imani na dawa isiyokunja uso.

Kikao kikaitishwa sebuleni. Kisimba alikaa na dada yake na mkewe, na Tshiela alikaa jikoni nyuma ya pazia, kama inavyompasa mkwe, akisikia kila kitu na kujibu kupitia Valérie.

"Tukimupatia byote pamoja na akapona, tutajua namna gani ni kipi kimemuponesha?" Rachelle akauliza. "Tuanze na yangu. Kisha ije zamu ya mama. Na ile ya munganga wa hospitali tuiweke pembeni kwanza, isituchafulie hesabu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake alipaswa kusema hapana. Tshiela alikuwa na akili zake, lakini pia alikuwa upande wa bibi harusi, na upande wa bibi harusi hauwezi kuonekana unaogopa kupimwa na upande wa bwana harusi. Tena, kwa siri ya moyo wake, alitaka kushinda. Rachelle alikuwa na tabia ya kuzungumza juu ya Valérie kama mtu aliyeletewa mzigo usiokuwa ule alioagiza, na hilo lilimchoma Tshiela miaka mingi.

"Valérie, bambie ni sawa," akasema kutoka nyuma ya pazia.

Basi vidonge vya hospitali vikafungiwa kabatini, na dawa mbili zikapokelewa kwa zamu, kila moja kwa heshima zake, kama wageni wa pande mbili za ndoa. Zamu ya Rachelle ilichukua mwezi. Valérie alipomuuliza mumewe tumbo linaendeleaje, alijibu, "Muzuri." Rachelle akapata habari hizo kabla chai haijapoa, na Tshiela akazipata pia, akalala vibaya.

Zamu ya Korea ikafika. Kila asubuhi na jioni Tshiela alipasha mfuko mmoja katika maji ya moto, akaumimina kwenye kikombe, akakiweka juu ya kigoda nje ya mlango wa nyuma, akakohoa, akarudi chumbani kwake. Viatu viliburutwa, kikombe kikachukuliwa. Kisha habari zikaja kupitia Valérie.

"Anasema namna gani?" Tshiela akauliza.

"Anasema muzuri sana, mama."

Muzuri sana. Tshiela alikaa na maneno hayo kwa furaha isiyo na haya hata kidogo. Rachelle alipata muzuri, yeye kapata muzuri sana. Na kama mifuko miwili ilileta muzuri sana, ilikuwa wazi kwake mifuko minne ingeleta nini. Hakumuuliza Baudouin. Baudouin alikuwa anasomea mawe, si matumbo. Akaanza kupasha minne, na habari zikaendelea kuwa muzuri sana.

Kulikuwa na mambo aliyoweza kuyaona, kama desturi ingemruhusu. Mlango wa choo cha uani ulilia mara nyingi. Lakini mkwe mwenye adabu hahesabu safari za mkwe wake chooni. Akisikia miguu inaelekea huko, huingia ndani, hufunga dirisha na kuongeza sauti ya redio. Tshiela aliongeza sauti ya redio mpaka jirani akauliza kama masikio yake yana shida. Aliona pia kwamba kandambili za Kisimba zilikuwa zinapiga kisigino kwa ulegevu na mfupa wa kifundo ulikuwa umejitokeza. Akajiambia ni kuacha bia. Watu wakiacha bia hupungua.

Masika yalipokolea, shangazi yake Valérie akafariki huko Sandoa. Valérie akaenda kwenye kilio na watoto, na Rachelle alikuwa amefuata mzigo wake Lubumbashi. Kisimba alikuwa amepewa mapumziko kazini kwa sababu ya kile alichokiita uchovu. Wakabaki wawili kwenye kiwanja, yeye mbele, Tshiela nyuma, na kigoda katikati.

Siku ya pili, saa sita mchana, Tshiela aliweka kikombe na bakuli la uji, akakohoa, akaingia ndani. Alipochungulia baadaye, uji ulikuwa umeshaota ngozi juu. Akakohoa tena kwa nguvu. Mgodini wakalipua baruti, madirisha yakatetemeka kama kila siku, halafu kukawa kimya.

"Baba Elise," akamwita Kisimba kwa jina la mtoto wake, akiwa uani. Hakuna aliyejibu.

Alifikiria kumwita mwanamume jirani. Jirani alikuwa kazini. Alifikiria kumpigia Valérie, lakini Valérie angefanya nini kutoka Sandoa zaidi ya kulia mara mbili? Tshiela aliogopa, na alichokiogopa zaidi, kusema kweli, ni ule mlango. Hakuwahi kuuvuka mlango wa chumba cha binti yake. Mama yake mwenyewe alikufa bila kuuvuka wa kwake. Akavua kandambili, kana kwamba kuingia bila viatu kungepunguza kosa, akaingia.

Kisimba alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, na taulo alilojifunika lilikuwa na damu. Alipomwona alilivuta usoni.

"Mama, usiingie."

"Nimeisha ingia. Simama."

"Miguu inakatala."

Alijaribu, na kweli miguu ilikataa. Ilikuwa inatetemeka tu. Tshiela alichota maji, akamwosha, akamvika suruali, akifanya hayo yote huku akitazama ukuta, na ikawa kazi ngumu kweli, kwa sababu ukuta haukuwa na haja ya suruali. Mwishowe akaacha kuutazama. Akatoka barabarani, akasimamisha taxi-moto, pikipiki ya abiria.

Walipanda watatu, Kisimba katikati, na Tshiela nyuma akiwa amemzungushia mikono kiunoni ili asianguke. Wanawake waliokuwa wakiuza kando ya barabara waliacha kuuza. Wote walijua yule ni mkwe wake.

"Mama, kamata mwana yako muzuri, kuko mashimo mbele," dereva akasema.

"Hapana mwana yangu. Ni mukwe yangu."

Dereva aligeuza shingo kuwatazama, nusura waingie shimoni. Tshiela akamwambia atazame mbele. Mgongo wa Kisimba ulikuwa mwepesi kifuani mwake, mifupa mitupu, na hasira ikampanda, hakujua ni juu ya nani. Huyu ndiye aliyekuwa muzuri sana?

Hospitalini walipokewa na Docteur Rehema, binti wa familia ya wasafirishaji waliotoka Maniema, mwanamke wa maneno machache. Alimwekea Kisimba maji ya mshipani, akachukua damu ya kupima, akavuta kiti.

"Unaenda ku choo mara ngapi kwa siku?"

"Si mingi, docteur," Kisimba akajibu, akitazama dari.

"Damu?"

"Kidogo tu."

Tshiela alikuwa amesimama karibu na kichwa cha kitanda, amegeukia dirisha. Alikuwa ametoka kuosha damu hiyo kidogo tu kwa ndoo mbili.

"Docteur, anakudanganya," akaliambia dirisha. "Ni juu ya mi kuwa hapa. Mi ni mukwe yake."

Daktari akaelewa mara moja. "Basi mama, utoke kidogo, utungojee kule inje."

Tshiela alikwenda hadi mlangoni. Hiyo ilikuwa njia nzuri na ya adabu, na angeifuata, kama asingeona vizuri kitakachotokea. Daktari angeuliza leo, apate ukweli, aende kwa wagonjwa wengine. Nani angebaki? Valérie yuko Sandoa, barabara imelowa, hata akiondoka leo si wa kufika kesho. Mlinzi wa mgonjwa, atakayemnywesha, atakayemsafisha na kukimbia kumwita muuguzi, ni yeye. Na huyu mtu angemwambia muzuri mpaka afe. Angekufa kwa heshima zote, na yeye Tshiela angeambiwa kwenye kilio kwamba alikuwa na mkwe mwenye adabu.

Akarudi. Akasimama mbele ya kitanda na kumtazama Kisimba usoni. Uso aliokuwa akiujua kwa picha ya harusi tu, wenye mashavu yaliyojaa, haukuwapo. Huu ulikuwa wa mzee.

"Nikitoka, kesho tena utasema muzuri," akamwambia. "Na ni mi mwenye kukulinda hapa. Angalia mi."

Kisimba alifumba macho.

"Angalia mi, Kisimba."

Lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake. Kisimba akafumbua macho.

"Sasa sema na docteur. Mi nasikia."

Alianza polepole, halafu maneno yakatoka kwa wingi, maana yalikuwa yamekaa muda mrefu. Chooni mara kumi, siku nyingine zaidi. Damu kila mara. Kazini aliacha kula ili asilazimike kushuka kwenye kamyo katikati ya shimo la mgodi. Damu haikukoma hata siku moja tangu vidonge vya Lubumbashi vifungiwe kabatini.

"Na ile ya dada yako Rachelle?" Tshiela akauliza.

"Ile ilipunguza kujaa kwa tumbo. Damu, hapana."

"Na ile ya Korea?"

Kisimba alimtazama daktari kwanza. Daktari naye aliacha kuandika, akangoja.

"Juma ya kwanza maumivu yalishuka, mama. Kweli yalishuka. Kisha yakarudia. Wakati mifuko ilikuwa mine, nikaanza kukosa nguvu ya miguu."

"Juu ya nini ukaendelea kukunywa?"

"Ilikuwa yako. Ulituma mine. Ningekatala namna gani?"

"Mi nilituma mine juu ulisema muzuri sana."

"Rachelle nilimwambia muzuri," Kisimba akasema kwa unyonge. "Sikuweza kukupatia weye sawasawa na yeye."

Tshiela akakaa ukingoni mwa kitanda cha mkwe wake, jambo jingine lisilofanyika.

Jioni majibu ya damu yakatoka. Docteur Rehema alimwomba Tshiela ampigie Baudouin, akaongea naye mwenyewe kwa Kifaransa, akamuuliza mizizi iliyomo mmojammoja. Kisha akawaeleza bila kupandisha sauti. Damu ya Kisimba ilikuwa imepungua, na potasiamu, ile chumvi inayofanya misuli na moyo vifanye kazi, ilikuwa imeshuka vibaya. Kuhara kwenyewe huishusha. Lakini katika maji ya Korea mlikuwa na mzizi mtamu, réglisse, ambao Wakorea huutia katika dawa zao nyingi za kuchemsha, na mzizi huo ukizidi huifukuza potasiamu mwilini. Viwili hivyo vilikuwa vimeshirikiana.

"Ni sumu?" Tshiela akauliza.

"Hapana. Kwa kipimo chake, na mutu wa kumufwata mugonjwa, kuko batu inasaidia. Hata bile bidonge bya chupa, manjano na mafuta ya samaki, kuko batu inasaidia kidogo, pamoja na dawa ya kweli. Pamoja, mama. Si pahali ya dawa. Hakuna hata moja yenye kuzima moto kama huu, na mulimunyima ile yenye kuuzima." Akafunga faili. "Mungechelewa, moyo ungesimama."

Tshiela alishukuru, akatoka koridoni, akajifunika kitenge kichwani. Alilia kidogo, kisha akaacha kwa sababu simu ililia. Alikuwa Rachelle, sauti juu, habari zimeshamfikia huko Lubumbashi.

"Mama, ni yangu ao ni ya Korea yenye imemufanya vile?"

Jana tu Tshiela angetafuta namna ya kujibu. Angeanza na zile chupa tatu, angetaja na nani aliyesema vidonge vya daktari viwekwe pembeni. Aligundua kwamba hamu yenyewe imekwisha.

"Ni mi, Rachelle. Nilizidisha. Kuja tu, ulete na nguo safi."

Rachelle alikuwa na maneno tayari, alisikika akiyameza. "Na ni mi niliyesema tuweke pembeni ile ya hospitali," akasema mwishowe. Akakata simu akilia.

Walimrudishia Kisimba dawa za hospitali, zile za Lubumbashi na nyingine za nguvu zaidi za kuanzia, na chumvi yake ikarudishwa polepole kwa maji ya mshipani. Tshiela alilala kwenye kitenge sakafuni, na alipoitwa aliamka. Alimshika mkono kwenda chooni na kumrudisha, akamkanda miguu ilipomkaza. Mwanzoni Kisimba aliomba radhi kila mara. Baadaye alichoka kuomba.

Asubuhi Docteur Rehema alipita akiwa na wauguzi wawili, akasimama mguuni mwa kitanda.

"Baba Kisimba, umeamuka namna gani?"

Kisimba akafungua mdomo, na Tshiela, aliyekuwa amekaa ubavuni pake, aliliona lile neno likija. Lilikuwa limeshafika kwenye midomo. Kisimba akamgeukia. Akamtazama mama mkwe wake machoni, muda mrefu, kisha akamgeukia daktari.

"Mubaya," akasema. "Nimeenda mara mingi, damu ingaliko, na ile sindano inaniuma mukono."

Daktari akaanza kuandika. Tshiela akajifunika mdomo kwa kitenge. Hakuna siku ya muzuri sana iliyowahi kumfurahisha kiasi hicho.